Gari Lilizima Kweli

Dada, nakusalimu. Huku hatujambo. Wifi yako ameng'oa lile jino, kwa hiyo nyumba nzima imepumua.

Gari nalo limepona. Fundi aliliacha likiunguruma mpaka likapata moto, likazima mbele yake. Akapima, akaniambia, "Ni sensa ya krenki, kifaa kinachosoma mzunguko wa injini. Ikipata moto haipeleki taarifa, injini inazima. Ikipoa, gari linawaka kama halikuwa na lolote."

Siku mama alipokata roho akiniulizia, ulisema nimejificha. Dada, nilikuwa njiani, nimefungua boneti, nasubiri lipoe.

Jana, baada ya kufungiwa sensa mpya, niliendesha moja kwa moja hadi hospitali ile alikofia mama. Halikuzima hata mara moja. Nikakaa getini kidogo, kisha nikarudi nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nisiyekulaumu.