Hereni za ng'ombe wa shule

Ndugu yangu, nimeua. Sitanii.

Zile hereni za namba za ng'ombe wawili wanaofanana, nilizibadilisha leo baada ya kukamua asubuhi. Nilitaka tumcheke mwalimu wa kilimo tu!

Mchana lori la bucha likaja kumchukua mwenye maziwa haba. Mwalimu akasoma namba, akampakia yule wa lita ishirini. LITA ISHIRINI! Miaka tisa anachagua mbegu za madume bora ili ampate huyo.

Jioni akamkamua aliyebaki. Lita mbili.

Akampapasa shingo. "Anamlilia dada yake, maskini. Kesho atatoa, mwanangu."

Mwanangu! Ananiita mwanangu!

Bucha wanachinja alfajiri. Nimeshagonga mlango wa mwalimu. Nasikia ndala zake zinakuja.