Sauti Aliyoisikia Mama

Mvara, Arua

Kaka yangu Lomoro,

Pokea salamu huko Juba, wewe na watoto. Hapa mvua imeanza, na yule kuku uliyeniachia ametotoa vifaranga saba.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hutanisikia. Mwezi wa pili walinipasua koo. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Sasa nanong'ona tu. Miaka ishirini na sita ya kuimba jazi mahotelini imeishia hapo.

Mama alikuja kutoka Koboko kuniuguza. Unajua hakuwahi kunisikia nikiimba jukwaani. Marehemu baba alisema jazi ni kelele za walevi, naye akamtii. Juzi alitazama koo langu, akasema, "Paska, kidonda imepona. Niimbie kidogo. Sasa hakuna mutu wa kunikataza."

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Basi nikachagua wimbo wangu mmoja kwenye simu, nikamwekea sikioni, sauti juu kabisa. Alifumba macho mpaka mwisho.

"Huyu mutu anaimba muzuri," akasema. "Mama yake iko na bahati."

Nikamwambia ni mimi. Lakini masikio yake yamezeeka, hakusikia. Nikajigusa kifua mara mbili. Akadhani naumwa, akakimbia kuniletea dawa, nami nikaimeza.

Kesho anarudi Koboko. Wewe bado una sauti, kaka. Mpigie, umwambie kwa nguvu kwamba yule ni mwanawe.

Dada yako,
Paska