Jina Yenye Direkta Anataka Ufute

Rwambuzi, Bunia

Furaha, mujukuu wangu mwalimu wa Mambasa,

Huku siye tungali tunapumua. Bibi yako anakusalimia. Meno yake imebakia mbili, lakini inamutosha kwa kuniuma.

Unaniuliza kama ufute ule mutoto wa kichwa kizito kwenye listi ya mutihani, sababu direkta anataka shule yote ipite. Weye unauliza mutu mwenye aliishia shule kwa mwaka ya ine!

Pale shule yetu ya Bule, siku inspekteri alikuja kutukagua, mwalimu alituficha mutoni siye wazito, mimi na rafiki yangu Ngabu. "Mutu akiwauliza, museme hamusomi." Basi pikipiki ya inspekteri ikazimika pale pale mutoni. Ngabu akafungua buji, ile plagi ya kuwasha moto, akaipanguza na shati, pikipiki ikawaka. Inspekteri akacheka: "Fundi, unasoma mwaka gani?"

Ngabu akainama. "Siye hatusomi, muzee."

Shule ikasifiwa sana.

Kesho yake nikapita kumuita. Alikuwa ameshika jembe. "Nenda, weye. Mimi nilishasema sisomi." Mpaka leo hajarudia masomo.

Nilifikiri mambo ile ilikufa na walimu wetu. Kumbe iko inaendelea, sasa na kalamu na muhuri. Ukikataa, direkta atakufuta weye, na mutu wa kukutetea simuoni. Sina dawa, mujukuu. Ila kama utafuta, futa na mukono yako. Usimutume mutoto aseme mwenyewe eti hasomi.

Babu yako, angali muzito