Meli ya Matunda Yaenda Vitani

Jumatano, 14 Aprili 1982
Zamu ya asubuhi wodini. Miguu imevimba. Nimerudi nyumbani Barking, hapa London, nimemkuta mume wangu Haji mezani na barua ya kampuni. Serikali imeichukua meli yao, ile anayopikia, kwa ajili ya vita vya Falkland. Meli ya matunda! Imepewa hati ya kutumikia serikali, itabeba vitu vya jeshi. Mabaharia hawalazimishwi. Namshukuru Mungu. Haji atabaki.

Ijumaa, 16 Aprili
Habaki. Ametia sahihi. Wenzake wote wa jikoni wametia, ati akaona haya kushuka peke yake. Mpishi wa miaka hamsini na mbili anakwenda vitani kwa ajili ya haya! Nimekasirika.

Jumapili, 18 Aprili
Ameondoka. Mlangoni akaniambia, "Mke wangu, niwie radhi."
Kwetu Unguja mtu hasafiri bila kutakana radhi na wa nyumbani kwake, hata akienda Pemba tu. Nikaendelea kupiga pasi. Alisubiri. Nikasikia mlango unafungwa. Bado nina hasira.

Jumatano, 26 Mei
Redio: meli ya mizigo imepigwa. Jina hawakutaja. Simu ya kampuni haipatikani. Jirani yangu Bi Kusum, wa Kampala, kanikalisha kwake, kaninywesha chai.
Kama ni Haji, amekufa sijamwia radhi. Neno moja tu. Nilikuwa na kiburi, basi.

Alhamisi, 27 Mei
Si yao. Alhamdulillahi! Karani wa kampuni, mama wa Kiingereza nisiyemjua hata sura, kanipigia mwenyewe wodini. Nimelia mbele ya wagonjwa. Mungu amlipe.
Halafu nikawakumbuka wake wa mabaharia wa meli ile nyingine. Nikaionea haya furaha yangu.
Nimemwandikia Haji: nimekuwia radhi, duniani na akhera. Sista wa wodi kaniachia nitoke mapema niipeleke barua ofisini kwa yule karani. Ataituma pamoja na barua za jeshi. Watu wema hawa.

Jumapili, 6 Juni
Siku hizi nalala vizuri. Barua itakuwa imefika. Nimepika wali wa nazi, nusu sufuria nimempelekea Bi Kusum.

Jumapili, 11 Julai
Karudi! Kakonda, lakini mzima. Nikamuuliza, barua yangu uliipata?
"Barua gani?"
Hakikumfikia kitu. Safari nzima kapika akijua nimemnyima radhi. Na mie huku nalala vizuri.
Nikamwambia pale pale, begi bado liko begani: "Haji, nimekuwia radhi. Nawe niwie." Akakaa kwenye ngazi, akalia.
"Mie nilikuwia siku ile ile," akasema.
Sasa amelala. Viatu vyake viko mlangoni. Nashukuru, nashukuru sana. Ingeweza kurudi barua bila kufunguliwa, asirudi yeye.

Ni Ramadhani; nitamwacha alale mpaka saa ya kufuturu.