Naomba Usinisindikize

Kisangani, 9 Juni 1964

Papa mpendwa,

Salaam. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Kifua chako je? Na cherehani, imeacha ukaidi?

Ile kazi ya uchunguzi inanitia hasira. Tunapiga hodi, tunasoma maswali arobaini, na watu wanajibu kama wako mbele ya hakimu. Hakuna nyumba yenye njaa, hakuna mume anayepiga. Lakini nikiaga wananisindikiza, na huko njiani ndiko maneno yanakotoka. Mama Agathe wa mtaa wa Mangobo alinikalia kimya nyumbani kwake. Kufika njia panda akasema, "Bon, mutoto wangu Lambert alikimbia jeshi. Iko juu ya dari, mwezi wa pili sasa."

Basi maswali nimeyaacha. Naaga mapema, natembea na watu, nikirudi naandika yote na majina yao. Usiogope, naandika kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha. Ofisini hakuna anayezijua.

Binti yako, Safi

Ponthierville, 20 Juni 1964

Binti yangu Safi,

Barua nimeipata kwa mkono wa mtu wa treni. Kifua kimetulia. Cherehani nimeitukana, ikasikia.

Anayekusindikiza amekupa heshima, hakukupa ruhusa ya kumwandika. Na hizo herufi unazozifanya kufuli, mimi nilizifundisha watoto wa Kisangani miaka kumi na minne, barazani kwetu. Sijui leo wako upande gani. Choma majina. Naogopa, sikufichi.

Papa yako, Yakubu

Ponthierville, 30 Agosti 1964

Safi mwanangu,

Hujambo? Sijui hata kama naandikia mtu aliye hai. Waasi wameshika mji na barua zangu tatu hazina jibu. Niandikie neno moja tu: nimechoma.

Papa yako

Kisangani, 27 Septemba 1964

Papa,

Ni mzima. Sikuchoma. Niliona kazi yangu nzuri, nikaihurumia. Nisamehe.

Waasi walipekua ofisi wakachukua daftari langu la majina. Wanawasaka waliokuwa askari wa serikali, hata waliotoroka. Kesho yake akaja nalo Abdulhamid, mwanafunzi wako yule wa sauti kubwa. Sasa ana bunduki. Alisoma ukurasa wa Mama Agathe bila kukwama, akasema, "Unipeleke kwa ile nyumba."

Nikampeleka kinyume, njia ya Masako. Sikumuuliza kitu, nilitembea tu kando yake. Tulipovuka daraja la mto Tshopo akaanza mwenyewe. Hapati usingizi. Anatafuta siku ya kutoroka arudi huko kwenu. Kisha akasimama. "Mangobo iko nyuma yetu. Nilijua tangu mwanzo." Akauchana ukurasa ule, akaniwekea mkononi, akarudi mjini na daftari kwapani. Mkubwa wake analitaka, na siku moja atapata mwingine wa kumsomea.

Lambert amekwisha kuvuka mto. Lakini mle daftarini wamebaki watu sitini. Kila asubuhi natoka, napiga hodi, nawaambia nilichofanya. Wengine wananitukana, na wana haki. Mmoja wao, Mama Sikujua, alitaka kunitoa hadi barabarani kama zamani. Nikamwomba asinisindikize. Bado nyumba kumi na tisa. Usije kunichukua kabla sijazimaliza.

Mwanahamisi, jirani yako, ni mama yake Abdulhamid. Mwambie mtoto yuko hai na anakusudia kurudi. Mwambie kwa mdomo. Halafu barua hii, Papa, uichome wewe.

Binti yako, Safi