Mume Anakohoa, Klabu Inataka Niape

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako nikiwa na hasira, kwa kuwa mimi, mke wa ndoa ya kanisani, nimeamriwa niende Ijumaa nikaape mbele ya wazee wa klabu ya mpira anayochezea mume wangu kwamba sikumtilia kitu katika chakula. Mume wangu Nikodemu ni kuli bandarini, kutwa anabeba robota za katani, na akitoka huko, badala ya kuja nyumbani kupumzika, anapokewa na mwalimu wa timu, Bwana Gozbert, tunayemwita Sajini kwa vile alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapigana Burma, naye anawakimbiza barabara ya Pugu mpaka Gongo la Mboto na kurudi, kisha wanajimwagia maji ya kisima jasho halijakauka, na tangu waanze kujiandaa kucheza na Kinondoni wamemkataza kula kwangu, anakula kwa katibu wa klabu, uji mwepesi ili asiwe mzito, maana wanadai sisi wake tunaweza kununuliwa na wapinzani. Basi akapata mafua, yakaisha yakarudi, midomo ikatoka vidonda, halafu jipu, halafu homa, na sasa anakohoa huku ameshika ubavu, na mwanamume huyu mie namjua tangu kwetu Masasi, hakuwaga mtu wa kuugua. Nilipomwomba Sajini ampumzishe, alinicheka mbele ya watu: "Homa haimkai mtu anayekimbia, mama. Nitamwongezea mbio aitoe. We tuambie umempa nini." Nikianika jezi yake, majirani wananitazama kama mwizi, na mume wangu mwenyewe ananiambia, "Apa tu, mke wangu, yaishe, Jumapili nicheze." Je, niape? Au nitafute mganga nijue Kinondoni wametufanyia nini?

Bernadeta, Temeke

Bibi Bernadeta,

Usiape. Na huyo mganga mwache alipo.

Kinondoni hawakumfanya kitu mumeo. Waliomfanya ni Sajini na mbio zake, pamoja na katibu na uji wake. Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu. Mazoezi ya kiasi humjenga mtu: anayekimbia, akala, akalala, hata mafua hayamsumbui sana. Lakini kuli aliyebeba robota kutwa, akakimbizwa jioni na tumbo tupu, kila siku bila kupumzika, mwili wake huishiwa nguvu ya kuzuia maradhi, na vijidudu alivyozoea kuvishinda hupata njia. Mafua yale, vidonda vile, jipu lile, ni mwili ulikuwa unalalamika. Sajini akauongezea mbio! Hata huko Burma askari mwenye homa alibebwa kwa machela. Mgonjwa wa homa akikimbizwa, moyo unaweza kusimama, na kikohozi cha kushika ubavu huenda ni kichomi. Kichomi kinaua, mama.

Nakuonea uchungu, lakini na wewe nakukemea. Umeona jipu, umeona homa, ukawa unafua jezi na kuogopa majirani. Majirani hao hao watakuja matangani, watalia, watakula, kisha watarudi kwao kwa waume zao.

Leo, siyo kesho, mpeleke dispensari, na msiondoke mpaka kifua chake kimepimwa. Daktari amwandikie cheti cha kupumzika, bandarini wakione. Alale kwake, ale kwako: wali, maharage, samaki, chochote ulicho nacho, ashibe. Asiguse mpira mpaka daktari aruhusu, na akirudi uwanjani aanze taratibu. Siku ya kubeba robota asikimbie Pugu, hata Sajini apige filimbi mpaka mashavu yapasuke. Nikodemu akibisha, msomee barua hii kwa sauti.

Ijumaa usiende kokote. Jumapili wakija mlangoni kumchukua, wape jezi. Ifue vizuri, uikunje, uwape mkononi. Wakiuliza mwenye jezi yuko wapi, waambie amelala, wapunguze sauti.