Tangazo la Mtu wa Ordinateri

Jumamosi, 10 Oktoba 1998

Adjudant Bolingo wa kambi ya jeshi ameniletea tangazo la kusoma kanisani kesho. Matangazo ya ibada ni yangu tangu mchungaji apate kikohozi. Mstari mmoja! Anatafutwa mtu wa ordinateri, afike kambini. Basi.

Nimemrudishia. Anayetafuta fundi husema kama ni wa cherehani au wa baiskeli. Mtu wa ordinateri, yaani kompyuta — wa kuchapa barua, au wa kutunga programu? Kwa lugha gani ya mashine? Ana uzoefu wa miaka mingapi, alifanyia wapi? Uvivu wa kalamu unaiua nchi hii, nikamwambia. Tunapigwa vita na hatuwezi hata kusema tunachotaka.

Hakukasirika. Aliniomba niyarudie maswali polepole, akayaandika kiganjani.

Phébé, mke wangu, anasema ipo siku nitafungwa kwa kumsahihisha askari.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimelisoma. Mungu anisamehe, nimelisoma vizuri.

Bolingo alinipa karatasi wimbo ukiimbwa. Nikaona mistari imejaa, nikafurahi kama mwalimu yeyote aliyesikilizwa. Nikapanda kusoma. Awe mtunga programu, kwa lugha ya Clipper. Awe amewahi kutunga programu ya majina ya askari. Miaka mitatu. Awe anasema Kiluba. Mahali alipofanyia: Goma.

Hapo vichwa viligeuka, benchi baada ya benchi, hadi kwa Mira, mtoto wa marehemu dada yangu. Kuna nani mwingine wa namna hiyo hapa Kamina? Kanisa hili hili lilimtolea sadaka ya shukrani alipopata kazi ile ya Goma, ya kutunga programu ya majina ya askari. Alikimbia kutoka Goma mwezi wa nane, waasi wakiingia, na tangu hapo nyumbani hatulitaji jina la mji huo. Siku hizi kutoka mashariki tu kunatosha uitwe mjumbe wao.

Mama Denise wa kwaya akasema, kwa furaha ya kweli: "Mira, njo weye! Banakutafuta weye!"

Watu wakapiga makofi, kwamba ndiye yeye anayetafutwa. Bolingo alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anaitazama benchi ya Mira.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mira hakulia. Aliomba karatasi, akaisoma kama anavyosoma programu iliyokwama, kisha akaniambia mimi mjomba wake:

"Tonton, bameandika yote ya muntu. Ya kazi, hata neno moja."

Kweli! Mabishano yote yale — nilidai waseme mtu wa namna gani. Kazi gani, sikuuliza. Na anayejua hata mahali mtu alipofanyia kazi hatafuti fundi. Anamtafuta mtu huyo. Jina tu ndilo walilokosa, na jina wamelipata kanisani, kwa makofi.

Phébé anataka Mira akimbilie Kinkondja, kwa shangazi zake wakausha samaki. Lumbala, jirani, ana baiskeli ya kumbeba. Mira amekataa. Wakimkosa, anasema, watanichukua mimi. Nimebishana naye hadi sauti ikakauka. Nimeshindwa.

Jumanne, 20 Oktoba

Gari la jeshi liko nje. Bolingo amekaa kitini mwangu. Nimemwambia Mira haondoki bila mkataba: kazi gani, chini ya nani, atarudi lini. Nilitaraji abishe, niliyaandaa maneno.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Weye njo unajua kuandika."

Nimeandika sharti la kwanza. Ametia sahihi bila kusoma. La pili, vilevile. La tatu — arudishwe nyumbani kila siku kabla ya giza — sahihi ile ile, ya mwandiko mzuri, bila haraka. Angalau angekataa moja! Mtu anayekusudia kutimiza ahadi hukataa moja.

Sasa naandika humu daftarini mwangu. Bolingo anadhani bado ni masharti. Kalamu ikisimama, ataondoka naye. Phébé anamwongezea chai asiyoiomba. Nje wamepiga honi. Bolingo ananyoosha mkono apewe karatasi nyingine atie sahihi, na Mira amekwisha kuvaa viatu —